Ndiyo, Mama Docta

Huguette Lombe alikuwa na hofu moja aliyomficha hata mumewe: hofu ya kusahau. Si kule kusahau kwetu sote, ufunguo uko wapi au shemeji anaitwa nani. Wiki ile alifunga mlango wa nyumba yake kule Ruashi, akatembea mpaka barabarani, akarudi kushika kufuli, akaondoka, akarudi tena. Mara tatu asubuhi moja. Jirani alimwona akacheka, akamuuliza nani ataiba ile redio yake mbovu. Huguette naye akacheka, lakini hakuwa akiiwazia redio. Mtu anayechoma sindano watoto wa watu akianza kutoiamini mikono yake, atamwambia nani?

Alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya chenye vitanda tisa. Ilikuwa Januari, mvua haikatiki, na kila godoro lilikuwa na malaria yake. Wauguzi walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amejifungua, na wa pili, Léonie, alikwenda kwenye matanga mpakani Kasumbalesa akakwama hukohuko. Akabaki Huguette peke yake, siku ya sita sasa. Ukimuuliza hali alijibu, “Tuko tu bien,” yaani salama, huku akiendelea kukimbia. Mkubwa wake wa kazi alimpigia simu kumwambia “courage”, yaani ajipe moyo. Courage ni neno zuri, lakini halijawahi kumshikia mtu zamu.

Siku hiyo, kwenye saa nne asubuhi, mtoto wa kitanda cha sita alishikwa na degedege. Aliitwa Emmanuella, mwaka mmoja, kilo tisa. Mama yake, Mbambu, alikuwa ametoka Butembo miezi miwili iliyopita kumfuata mumewe, mfanyabiashara wa jumla, na mji huu bado ulikuwa ukimtisha. Huguette alikimbia kuandaa dawa. Lakini kabla hajatulia, mwanaume mmoja alipiga kelele mlangoni kwamba mke wake anazaa. Akakimbilia huko. Alirudi baada ya nusu saa, amelowa jasho, mtoto wa watu amezaliwa salama.

Mkono mdogo wa Emmanuella ulikuwa umeanza kuruka tena.

Huguette akasimama pale pale. Alikumbuka kuvunja shingo ya kichupa. Alikumbuka kuvuta dawa. Baada ya hapo hakukumbuka kitu. Je, alimchoma mtoto au hakumchoma? Kama alimchoma, dozi nyingine juu ya ile ingeweza kumkata pumzi. Kama hakumchoma, kila dakika aliyokuwa akisimama pale degedege ilikuwa ikimla mtoto. Alifungua daftari, mistari kumi na moja ya dawa za asubuhi ile ilikuwa bado haijaandikwa. Alitazama kopo la taka. Lilijaa vichupa vilivyovunjika, na vyote vilifanana.

“Mama Emmanuella,” akauliza, “nilimutobola mutoto shindano?”

“Ndiyo, mama docta.”

Huguette akashusha pumzi. Lakini jibu lilikuwa limekuja haraka mno, na macho ya Mbambu yalikuwa chini.

“Ao ilikuwa bado?”

“Ndiyo, mama docta. Ilikuwa bado.”

Mbambu alikuwa amelelewa kwamba mwenye koti jeupe habishiwi. Angeulizwa kama muuguzi alimpiga mtoto kwa ufagio, angejibu ndiyo vilevile, tena kwa adabu. Wazo baya likamjia Huguette: chagua moja tu, ufanye, nani atajua? Aliliogopa wazo hilo kuliko alivyoiogopa degedege yenyewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema neno ambalo hajawahi kulisema mbele ya mgonjwa.

“Sikumbuke. Unasikia? Kichwa yangu imechoka, sikumbuke. Usiniambie tena ndiyo. Unielezee tu kitu uliona tangu niliingia hapa.”

Mbambu alimkodolea macho. Kisha akaanza, polepole.

“Uliingia na shindano mu mukono. Ukashika mukono ya mutoto. Njo ule papa akaita: kuya mbiyo, bibi iko nazala. Ukafunika shindano.”

“Kisha?”

“Ukaiweka mu poche. Ukaenda.”

Huguette akatia mkono mfukoni mwa koti. Kalamu, glavu, kipimajoto, na katikati yao bomba la sindano, limejaa mpaka kwenye mstari. Hakulitumia lile lililokaa mfukoni, alilitupa, akavunja kichupa kipya, akavuta dawa kwa sindano mpya, akausoma mstari mara mbili. “Angalia, mama,” akasema. “Ninaingiza sasa. Weye pia utakumbuka.” Akaisukuma dawa polepole. Wakautazama mkono wa mtoto ukiruka, ukiruka kidogo, ukitulia. Huguette akahesabu pumzi za Emmanuella kwa sauti mpaka akaridhika.

Hapo ndipo Mbambu alipoangua kilio.

“Niliona tangu mwanzo ilibaki mu poche, mama docta. Nusu saa nzima nilikuwa naangalia mulango. Niliogopa utakasirika.”

Huguette hakukasirika. Aliingiwa na baridi. Muda wote alidhani hofu ya pale ni yake peke yake, kumbe katika kila kitanda palikuwa na mtu anayeitazama mikono yake, amefunga mdomo. Akageukia kitanda cha saba. Mzee Mwaba, aliyetundikiwa sérum, ile dripu ya maji, mkononi, akajiweka sawa haraka, akamtolea tabasamu la heshima.

“Papa Mwaba, leo niko na woga,” Huguette akamwambia. “Kila kitu nitafanya, uniangalie. Nikikosea, ulalamike na nguvu, bantu bote basikie.”

Tabasamu likamfutika mzee. Akamtazama Mbambu, akamtazama muuguzi, akapima kama kweli ameruhusiwa.

“Basi, docta,” akasema, “hii sérum yangu iliisha kitambo.”

Huguette akainua macho. Chupa ilikuwa tupu, na damu ya mzee ilikuwa imeanza kupanda kwenye mpira.