Mama mkwe aliomba mboga, nami nikapika mboga

Admin, funika jina langu vizuri, maana mawifi zangu wako humu na hawalali bila kusoma.

Mimi ni Mkenya, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Naishi Observatory, Johannesburg, na nafanya kazi kwenye kampuni ya bima kule Marshalltown. Mume wangu ni Mkongomani wa Lubumbashi. Tulifunga ndoa ya serikali hapahapa na tuna mtoto mmoja, lakini watu wake hawajawahi kufika kwetu Kakamega kujitambulisha na kuniomba rasmi. Kwa baba yangu, hiyo maana yake bado sijaolewa. Baba anaumwa figo, na kila nikipiga simu swali ni lilelile: "Wakwe zangu wanakuja lini?"

Desemba iliyopita mama mkwe alikuwa hapa kwa matibabu, akikaa kwa binti yake. Alipasuliwa tumbo, akapona. Akasema familia ikutane kwangu Jumapili tule chakula cha kumshukuru Mungu, na tukishakula wajomba wapange safari ya Kakamega. Siku hiyo nililia kwa furaha kwenye choo cha ofisi.

Sasa, Desemba kwa watu wa bima ni balaa. Mvua ya mawe inatoboa mapaa na magari, na kila mtu anataka kulipwa kabla ya Krismasi. Nilikuwa hoi. Mama mkwe akapiga simu, akanihurumia: "Bibi ya mwana wangu, usijichokeshe. Upike tu bukari na mboga ya mingi, batu bashibe." Bukari ndiyo ugali wao, na bibi kwao ni mke. Nikashangaa kidogo, sherehe gani ya mboga? Kisha nikajijibu kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo lazima daktari amemkataza nyama. Hata hivyo nikamuuliza mume wangu, "Mama anataka mboga tu?" Macho yake yakiwa kwenye mpira akajibu, "Fanya vile amesema."

Basi nikafanya. Jumamosi nilizunguka na uchovu wangu, Yeoville kutafuta sombe, yale majani ya muhogo, na Fordsburg kununua viungo. Jumapili nikaamka mapema nikapika sombe ya mawese, sukuma wiki, kabichi, kunde na mchicha wa karanga. Umeme ukakatika, nikahamia kwenye gesi. Jamani, nilijivunia ile meza.

Wakaja, wakaimba, wakaomba, mama mkwe akatoa machozi. Mjomba mkubwa, kaka yake mama, akafunua sufuria ya kwanza. Akafunua ya pili. Akafunua zote, akanigeukia: "Mboga iko wapi?"

Nikacheka. Mungu nisamehe, nilidhani ananitania. "Mjomba, si hizi hapa zimejaa meza?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba akarudisha kifuniko taratibu. "Hii ni majani."

Mama mkwe akamtazama mwanawe. "Mungu ameniponesha, bibi yako ananipa majani sawa sungura, na anacheka?" Mume wangu akaangalia sahani. Neno moja tu lingeniokoa, na hakulisema. Wakala bukari kidogo kwa heshima ya yale maombi, wakaondoka. Habari ya Kakamega haikutajwa.

Walipoondoka ndipo mume wangu akaniambia, huku akivua tai: "Kwetu mboga ni kitu chochote cha kulia bukari. Nyama ni mboga. Samaki ni mboga."

Miaka yote tukiwa wawili anaongea Kiswahili changu, ningejuaje? Nikamuuliza, "Mbona hukuwaeleza?"

"Niwaambie bibi yangu hasikii maneno ya mama yangu? Watasema nilioa mgeni."

Kumbe ni heri nionekane nina dharau kuliko yeye aonekane ameoa mgeni. Hilo liliniuma kuliko sungura.

Nilimpigia mama mkwe nimweleze mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kiswahili ni Kiswahili. Unataka kusema mimi sijue kusema?" Akakata simu. Amesharudi Lubumbashi, na wajomba wametoa neno lao: hawatakanyaga Kakamega mpaka nipige magoti mbele yao nikiri kwamba nilimdharau mama siku ya shukrani yake. Si kwamba sikuelewa, hapana. Niseme nilimdharau. Mume wangu anasema, "Sema tu, yaishe." Lakini mimi nawajua hawa. Nikishalitamka litakuwa jina langu mpaka nazeeka, kila mazishi na kila harusi, na mwanangu atalisikia.

Na baba sasa anasafishwa damu. Juzi mama yangu aliniambia baba amenunua shati jipya la kupokelea wakwe, limening'inia nyuma ya mlango. Nilisema mtandao unasumbua.

Nimeomba, nimefunga, sioni mlango. Msinitukane, najua wengine mtasema ni mambo ya mboga tu. Ninyi mlio nje ya hili mnaona vizuri kuliko mimi, kwa hiyo niambieni: nipige magoti kwa kosa ambalo sikulifanya, au nimwambie baba yangu aache kusubiri?