Waliompa Mwanangu Mgongo

Watoto wangu wote nnao, ila mmoja. Huyo hakufa. Alichukuliwa na watu ninaowajua, na baadhi yao nawauzia mipira ya baiskeli mpaka leo hapa Mlandege.

Mie sikusoma. Nilitoka darasa la tatu, nikaziba pancha chini ya ukuta wa watu mpaka nikawa na ukuta wangu na duka langu. Simshukuru mtu ila Mungu. Mwanangu huyo, wa pili kuzaliwa, nilimfundisha kazi akaijua, lakini redio kaseti ilikuwa haizimwi dukani. Asubuhi mpaka jioni ni bendi moja tu, ile bendi ya magitaa ya mjini ambayo sisi wa rika langu tulikua nayo. Miaka ya themanini na kitu bendi ilikuwa imekwisha. Mmoja alihamia Maskati, wawili walivuka kwenda Dar es Salaam, na mwimbaji akafa kwa ugonjwa wa kifua. Alibaki mpiga dramu peke yake. Akakusanya vijana, akawavisha mashati yale yale ya zamani, akatangaza kuwa bendi imerudi na itazunguka Unguja nzima. Kuimba, akamchukua mwanangu.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimshoneshea suruali mpya.

Mji ukakasirika. Jirani yangu fundi cherehani, Mwarabu wa Mji Mkongwe ambaye tangu ujana alikuwa haikosi bendi hiyo, alinijia dukani.

"Yakhe, huyo mwanao ana adabu gani? Kiti cha maiti hakijapoa."

"Kiti hakiimbi," nikamwambia. "Njoo umsikilize kwanza."

"Ntakuja. Lakini simtazami."

Na kweli. Onyesho la kwanza lilikuwa Idi pili, alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Ng'ambo. Fundi aliingia na wazee wenzake, wakachukua viti vya mbele, wakavigeuza, wakakaa wamelipa jukwaa mgongo. Vijana wakacheka. Mmoja akawauliza, "Wazee, mnangoja sinema ukutani?"

Mwanangu akaimba. Nilijua anaimba, lakini sikujua kuwa anaimba vile. Ilikuwa sauti ya marehemu, na pumzi za marehemu. Kabla ya ubeti wa mwisho akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu. Marehemu mwaka wake wa mwisho alikuwa akikohoa pale pale, na kwenye kaseti kikohozi kimo. Mwanangu alikuwa amekihifadhi pamoja na maneno.

Niliwatazama wazee nikitaraji watageuka. Hakugeuka mtu. Fundi alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, machozi yanamwingia ndevuni. Wimbo ulipokwisha akasema, wala hakuwa akisema na mtu, "Yuko nyuma yangu."

Onyesho lililofuata, ukumbi mzima uligeuza viti.

Hawakuwa wamegoma tena. Walikuwa wamegundua kuwa ukimtazama ni kijana wa duka la baiskeli, na ukimpa mgongo ni yule aliyekufa. Bububu wakafanya hivyo. Makunduchi wakafanya hivyo, na sijui nani aliwaambia. Uwanja umejaa watu, jenereta linanguruma, na kila uso umeelekea minazini. Wanacheza hivyo hivyo, migongo kwa jukwaa. Wanaokwenda kumtunza walikuwa wakimwendea kinyumenyume, noti imeshikwa nyuma ya kiuno, inapapasa hewa mpaka mwanangu aipokee. Mtu pekee aliyekuwa akimtazama ni mie.

Huko Makunduchi, bendi ilipokuwa ikifungasha vyombo, mama mmoja mkulima wa mwani alikuja mpaka garini, leso kaishusha usoni asimwone vizuri.

"Kifua kimepona?" akamuuliza.

"Nshapona, Bi. Na kaka yako je, ule mguu?"

"Anatembea, Alhamdulillahi."

Mwanangu alikuwa hajapata kufika Makunduchi. Tulipoondoka nikamuuliza, "Kaka yake huyu unamjulia wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza njia ya nyumbani kwetu. "Si tulilala kwake."

"Mlilala nani na nani?"



Haukupita muda akanijia dukani, akasimama upande wa wateja. "Baba, nna ombi. Ukija kwenye muziki, na wewe geuka."

"Kwa nini?"

"Ukinitazama nnakosea."

"Mie ndiye niliyekuzaa. Ntakutazama mpaka mmoja wetu afe."

"Basi usije, baba."

Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia baridi. Marehemu alikuwa mtu mpole. Mwanangu hakuwa hivyo, alikuwa na ulimi kama wangu.

Nikaacha kwenda. Naye akaacha kuja kulala nyumbani. Nikaambiwa yuko Michenzani, kwa mama wa marehemu. Nikapanda ngazi za jengo lile mpaka juu, nikamkuta ameketi mkekani anakula samaki, na yule bibi anamwondolea miba.

"Shikamoo, Bi mkubwa. Nimemfuata mwanangu."

"Marahaba. Mchukue."

Nikamwita kwa jina lake, nililompa mie. Akainua kichwa, akatazama mlangoni nyuma yangu, kuona ni nani anayeitwa. Halafu akaendelea kula.

Nikamwambia yule bibi, "Mwambie yeye si wako."

"Mie si mwendawazimu," akasema, miba bado iko vidoleni. "Wangu nimemzika, na kaburi lake nalijua. Huyu kaja mwenyewe. Kanigongea mlango, kanambia, mama, nna njaa. Ungekuwa wewe ungemfanyaje?"

Nikashuka zile ngazi peke yangu.

Miaka ya tisini bendi ikafa tena, na safari hii hakuna aliyeifufua. Waliokuwa wakiisikiliza wengi wao wameshazikwa, fundi cherehani akiwa mmojawapo. Nikasema, sasa atarudi. Hakurudi. Akapata kazi bandarini, jioni anapanda zile ngazi kama mtu anayekwenda kwao.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili yule bibi akafariki. Nikaenda kutoa pole kama kila mtu. Wanaume tuliketi kwenye mikeka chini ya jengo, na mwanangu alikuwa mahala pa mfiwa, watu wanapita mmoja mmoja wanampa mkono. Nikasimama kwenye mstari. Ningeweza kumshika nikamtoa pale, nguvu nilikuwa nazo bado. Mama yake alikuwa nyumbani, mzima wa afya, anakuna nazi.

Zamu yangu ikafika. Nikaushika mkono wake. Una kovu la mnyororo wa baiskeli, alilipata dukani kwangu.

"Pole kwa kufiwa na mama," nikamwambia.

"Ahsante, mzee. Sote tumefiwa."

Na aliyekuwa nyuma yangu akanisogeza kidogo kwa bega, naye apate kupita.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kasema nini?"

"Kasema ahsante."