Nukta Iliyotoweka Kwenye Pleti

Jicho hakuwahi kumpiga mtu, lakini faili alizipiga kila siku. Alizipiga kwa matusi, kwa ngumi juu ya meza, na safari moja kwa teke lililomwacha akichechemea wiki nzima. Kwa miaka kumi na minne alikaa kiwandani kwa wachapaji, kwenye chumba cha pleti, yale mabati membamba ya kuchapia, nyuma ya ukumbi wa mashine, akipokea PDF za wateja na kuzitengeneza mpaka zifae kuchapwa. Jina la Jicho alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuna kosa lililompita: herufi iliyogeuka kiboksi, mstari uliorukia ukurasa wa pili, jina la bibi harusi lililokatwa nusu. "Nani kaniletea takataka hii?" alikuwa akifoka, na mteja aliyesimama mlangoni akatamani ardhi ipasuke immeze.

Maadui wake wakubwa walikuwa fonti. Mtu anapamba kazi yake nyumbani kwa maandishi anayoyapenda, anaihifadhi, halafu anasahau kuifungasha ile fonti ndani ya faili. Kazi ikifika kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, kompyuta inaazima nyingine iliyo karibu na kuendelea na safari. Hapo ndipo maneno yanapobanana na alama zinapotoweka. Jicho alilijua jambo hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kwao, na alijisifu nalo kupita kiasi. Ukimuuliza kama amehakikisha, anakukata jicho mpaka unajuta kwa nini umefungua mdomo.

Fundi wa mashine alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Mtu mpole, kipande cha mtu, mwenye wino kwenye kucha usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Jicho ndiye aliyemtafutia kazi ile, na alipenda kukumbusha watu. Pleti ikitoka chumbani kwa Jicho, shemeji aliifunga kwenye mashine, akachapa kilichomo, kisha akazikata karatasi kwa ile mashine ya zamani ya wenzo iliyokuwa kwenye kona. Hakuwa mtu wa kubishana.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mlango wa mbele ulipigwa teke ukagonga ukuta. Waliingia wanaume watatu, mfugaji na ndugu zake wawili, wawili na marungu na mmoja na panga. Shati la mfugaji lilikuwa na damu, wala haikuwa yake. Walikuwa wametoka dukani kwa muuza dawa za mifugo, na walichomfanya huko ni bora kisisemwe. Muuza dawa, kwa kuokoa roho yake, aliwaonyesha jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa ya kijikaratasi cha maelezo ya dawa aliyowauzia.

"Nani kachapa hii?" mfugaji alinguruma, akikitikisa kile kijikaratasi.

Bosi alikuwa safarini. Wapanga karatasi walitimua mbio kwa mlango wa nyuma. Shemeji alibaki, kitambaa cha wino mkononi, maana hakujua kuna kosa.

"Nimechapa mimi, mzee wangu," alisema. "Kuna tatizo gani?"

Rungu lilimpata mdomoni. Alianguka juu ya rundo la karatasi, na alipojaribu kuinuka likampata begani, kisha mbavuni. "Ng'ombe thelathini na mmoja!" mfugaji alipiga kelele, machozi yakimtoka huku mkono ukipanda na kushuka. "Mmeandika mililita ishirini na tano! Nimewanywesha kama mlivyoandika! Wamekufa wote wakitoa povu mbele ya watoto wangu!"

Jicho aliona yote kupitia kioo cha mlango wa chumba chake. Kitu cha kwanza alichofanya, na hakuna haja ya kumpamba, ni kuzungusha ufunguo. Lakini ile ishirini na tano ilimchoma. Kazi ile aliikumbuka vizuri. Ilikuwa mbili nukta tano, angeapa mbele ya yeyote.

Akakimbilia kwenye kompyuta yake. Akakosea neno la siri mara mbili. Huko nje kitu kizito kilianguka, na shemeji akalia kwa sauti ambayo Jicho hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima. Faili ikafunguka. Mililita 2.5 kwa kila kilo hamsini. Nukta ilikuwa pale, nyeusi, nene. Akachomoa kwenye kabati karatasi ya mfano aliyokuwa amemchapia mteja aisaini kabla ya kazi kuanza. Na hapo pia ilikuwa 2.5, na saini ya mteja juu yake.

Moyo ukamtulia. Usidhani aliona huruma peke yake wakati ule. Aliona na fahari. Alifungua mlango, akatoka na ile karatasi ameiinua juu.

"Acheni! Mnamwua bure! Kazi yetu haina kosa, njooni mwone wenyewe!"

Mfugaji alishusha rungu. Akaingia chumbani akihema, damu ya shemeji ikimdondoka kwenye vidole na kuchafua sakafu. Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akasoma tarakimu zile kwa kidole. Akasoma na karatasi ya mfano. Akaweka kijikaratasi chake kando yake. Huku 2.5, huku 25.

"Kwa hiyo ilitoka hapa kwako ikiwa sawa?"

"Sawa kabisa, mzee."

"Unaapa?"

"Haki ya Mungu naapa."

"Na ikitoka hapa inakwenda kwa nani?"

Jicho aliliona shimo akiwa tayari amelichimba, tena amemchimbia mume wa dada yake. Mfugaji hakungoja jibu.

"Basi ni mkono wa yule," aliwaambia ndugu zake. "Mkono wake ndio umeua ng'ombe wangu. Mleteni."

Walimkokota shemeji mpaka kwenye mashine ya kukatia karatasi. Mmoja alimkaba shingo. Wa pili aliuweka mkono wake wa kulia chini ya kisu, akazungusha lile gurudumu la kubania karatasi mpaka mifupa ikalia. Shemeji alipiga kelele akimwita Jicho kwa jina lake la nyumbani, lile analoitwa na dada yake.

Jicho alimrukia mfugaji mgongoni. Alipigwa kiwiko cha mbavu, akapumua kwa shida, akarudi tena, akamng'ata mkono. Ubapa wa panga ulimpata sikioni, na dunia ikawa mlio mmoja mrefu. Akiwa chini aliona miguu ya mfugaji ikijikita sakafuni na wenzo ukishuka.

Vidole vitatu vilibaki upande wa pili wa kisu.

Majirani waliingia na vyuma na mawe, wakawapiga wale ndugu mpaka polisi walipokuja kuwatoa mikononi mwao. Mfugaji aliondolewa akiwa amevunjika mkono, bado anataja ng'ombe wake kwa rangi zao. Shemeji alipakiwa kwenye gari la muuza mbao wa jirani na kukimbizwa hospitali.

Jicho hakwenda naye. Alisema anafunga kiwanda. Ukweli ni kwamba kuna kitu kilikuwa kikimla, kwa sababu fundi wa miaka kumi na minne anajua kuwa mashine ya kuchapa inaweza kupaka wino kupita kiasi au kufifisha picha, lakini haiwezi kufuta nukta ileile kwenye karatasi elfu tatu na kuacha tarakimu zikiwa zimekaribiana vizuri.

Sikio likimvuja damu, akaivuta ile pleti kutoka kwenye raki, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. 25. Pleti yenyewe ilikuwa mbovu, na pleti alitengeneza yeye.

Akarudi kwenye faili, safari hii akafungua orodha ya fonti, kitu ambacho angemtukana mteja yeyote kwa kutokifanya. Fonti nne zilikuwa zimefungashwa ndani. Ya tano, ile nene ya tarakimu za kipimo, haikuwemo. Kwenye kompyuta yake ilionekana vizuri kwa sababu aliwahi kuiweka humo kwa ajili ya kadi za harusi. Ndiyo maana karatasi ya mfano, iliyotoka kwenye kompyuta hiyohiyo, ilikuwa sawa. Lakini kompyuta ya pleti, ile ya pembeni inayopokea faili na kuichora kwenye pleti, haikuwa na fonti hiyo. Iliazima nyingine, na hiyo ya kuazima haikuwa na alama yoyote mahali pa nukta.

Wala kompyuta hiyo haikunyamaza. Kwenye kumbukumbu zake onyo lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya manjano: fonti moja haipo, imebadilishwa. Chini yake, sekunde mbili baadaye, mtu alikuwa amebofya "Endelea". Maonyo ya aina hiyo yalikuja mengi kwa siku, na Jicho aliyafukuza kama mtu anayefukuza nzi. Aligonga kichwa chake kwenye meza, akagonga tena, mpaka paji likapasuka.

Dada yake alikuwa kwenye korido ya hospitali, amekumbatia mfuko wa nguo za mumewe. Alipomwona kaka yake na damu zile alianza kulia upya.

"Pole kaka. Wamekuumiza na wewe."

"Dada, usinipe pole. Kosa ni langu." Akamweleza yote, ya fonti, ya onyo, na ya kiapo alichoapa mbele ya mfugaji.

Dada aliacha kulia. Alimkamata ukosi wa shati, akamsukuma ukutani kwa nguvu, kisogo kikagonga, akamsukuma tena. "Nenda kamwambie mwenyewe," alisema. "Usipomwambia, mimi sina kaka."

Shemeji alikuwa kitandani, mdomo umevimba, mkono umefungwa bendeji nene juu ya kifua. Alipomwona Jicho alijaribu kutabasamu kwa meno yaliyobaki.

"Shemeji, ahsante," alisema kwa shida. "Wote walikimbia. Wewe peke yako ulitoka kunitetea. Sitasahau."

Jicho alishika chuma cha kitanda. "Nukta niliipoteza mimi, shemeji. Kwenye pleti. Wewe ulichapa nilichokupa. Niliapa pale sijahakikisha, na kiapo changu ndicho kilichokupeleka kwenye kisu."

Shemeji alimtazama kana kwamba anangoja aseme ni utani. Kisha yule mtu asiyebishana na mtu akauinua mkono uliofungwa na kumpiga nao usoni kwa nguvu zote alizobaki nazo. Akalia kwa maumivu, akampiga tena, bendeji ikaanza kulowa. Jicho hakujikinga. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, na hakuita muuguzi.