Kinga ya Bibi

Juzi, kwenye kivuko cha Kamanga, nilimwona nesi akimnywesha mtoto chanjo ya kipindupindu, nikacheka peke yangu.

Utotoni mwangu kipindupindu kiliingia mtaani kwetu Mwanza, na nyumba nzima ikanuka dawa ya maji. Bibi peke yake hakuogopa.

"Mimi kilishanishika, nikapona. Hakinirudii," alisema, akipuliza uji wake.

Kumalizia kikombe cha Bibi ilikuwa haki ya mjukuu mdogo. Siku hiyo nililamba hadi tone la mwisho, kisha nikamtangazia mama kwamba kinga ya Bibi nimeshainywa, sasa naenda kunywa maji ya ziwani.

"Thubutu!" akafoka mama. Bibi alicheka hadi machozi.

Leo najua kinga ya kipindupindu hunywewa kweli. Nilikosea kikombe tu.