Mlio wa Gari Ukweni

Nilihamia ukweni nikiwa tayari na mvi. Kwa watu wa mke wangu, wakulima wa korosho wa bara ya Lindi, mume ndiye anayefuata kwao mke, na thamani yake hupimwa kwa kazi anayomfanyia mama mkwe. Kijana huenda na jembe, akalima akaonekana. Mimi mtu wa Kilwa nilikwenda na sanduku la spana, nyuma yangu ndoa moja iliyovunjika, na jembe sikuliweza.

Desturi ya pili ilinielemea zaidi. Mume na mama mkwe hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hujitenga mpaka mwenzake apite. Neno likihitajika hupitia kwa mke. Tuliishi ua mmoja, yule mama na mimi, na nilimjua zaidi kwa sauti ya ufagio wake. Aliamka gizani kabla ya adhana, akaufagia uwanja mzima, na kulipopambazuka mchanga ulikuwa umejaa mistari ya ufagio, bila hata jani.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa mashambani mwao wakapangwa kando ya barabara, nyumba ikifuata nyumba. Wageni waliokuja kutuchimbia visima walituachia pikapu yao walipoondoka, ikiwa imezeeka, pamoja na makopo machache ya oili. Haikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe, na mguu wa kushoto wa dereva haukuwa na kazi, kwa hiyo watu wakaiita gari la mguu mmoja. Ilikabidhiwa kwangu kwa sababu kabla ya Uhuru nilikuwa msaidizi katika karakana ya shamba la mkonge, na kwa sababu nilikuwa na kitabu cha magari. Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote kasoro msahafu. Hakikuwa na neno hata moja juu ya gari lisilo na klachi. Hilo sikumwambia mtu.

Mlio ulianza mwishoni mwa masika. Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Siku za kwanza niliusikia peke yangu, nikajiambia ni upepo wa dirishani. Baadaye ulisikika mpaka kisimani, na wanawake waliacha kuteka wakageuka kutazama. Palikuwa na jirani yangu mmoja, mtani wa watu wa pwani, ambaye hakuiacha nafasi hiyo. Kila nikipita alisimama, akavua kofia na kuiweka kifuani.

"Bwana mkwe," alisema, "gari lako linalia. Limefiwa na nani, tuje tukae matanga?"

Nilicheka kwa kuwa utani hauna hasira. Lakini mtu anayekaa kwao mke huusikia utani kwa sikio jingine. Gari ndilo lililokuwa jembe langu, nalo lilikuwa likikitangazia kijiji kizima kwamba aliyelishika hajui kulima.

Nililichunguza kwa utaratibu. Mlio wa gari hutoka mahali pamoja, na mahali hapo hupatikana kwa kuondoa pale ambapo hapatoki. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni niliweka gia huru nikaliacha gari lishuke. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kwa kasi, injini ikatulia, na mlio ukatulia pamoja na injini. Basi hazikuwa tairi, hazikuwa beringi za magurudumu, wala haikuwa difu ya nyuma. Nikikanyaga mafuta ulipanda, nikiachia ulishuka. Chini mtoni, mbali na macho ya watu, niliacha injini izunguke kidogo; niliposhika mti mkavu, ncha moja kwenye giaboksi na nyingine sikioni, niliusikia wazi mbele kabisa, mahali inapokaa pampu ya oili. Pampu hulia hivyo inapovuta hewa badala ya oili. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kilikuwa kimelowa mpaka alama ya juu. Nilipima tena siku iliyofuata, na siku nyingine nyingi. Oili ilikuwa tele, nyekundu, safi.

Niseme hapa jinsi nilivyokuwa nikipima. Petroli ililetwa kwa mgao, na kikao cha kijiji kilikata shauri kwamba gari likisimama lizimwe. Injini inayonguruma huku magurudumu yamesimama ilikuwa sawa na mtu anayemwaga maji ya kisima chini, na watoto walifundishwa kupiga kelele wakiona hivyo. Nilizima hata bibi kizee alipokuwa akishusha mzigo wake. Kwa hiyo nilipima injini imezimwa na imepoa, kama kitabu changu kilivyoagiza kwa oili ya injini. Nilipima mbele ya nyumba, gari likiwa limelala uwanjani kwa mama mkwe. Na kila mara, kabla ya kufunga boneti, niliinama kutazama chini kama kuna oili iliyodondoka. Mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio, basi.

Nikasimama kikaoni nikaeleza kwamba oili imejaa, kwa hiyo pampu yenyewe inakufa. Mwenyekiti akauliza pampu inapatikana wapi. Nikasema ng'ambo. Watu walicheka kwa muda mrefu, bila ubaya, na nilipoketi nilihisi masikio yangu yanawaka. Upande wa wanawake mama mkwe alikuwa amekaa akitazama chini, ushungi umemfunika nusu ya uso. Nilijua amesikia.

Miezi hiyohiyo mke wangu alianza kuniletea uji mchungu kila asubuhi. Ulikuwa na mzizi ndani yake, mchungu kiasi cha kuufanya ulimi uwe mzito. Nilipouliza ni wa nini alisema hajui, mama yake ndiye aliyeutengeneza, akaagiza ninywe wote. Alisema hivyo akitazama pembeni. Tulikuwa hatujapata mtoto. Nikadhani nimeelewa, na sikuuliza tena. Nilikunywa nikiwa nimewapa mgongo watu wa ua, na siku nilizomsikia mama mkwe akikohoa nyuma ya nyumba niliharakisha kumaliza.

Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunga utando mweupe, na la kushoto lilikuwa likilifuata. Habari zikaja kwamba daktari wa macho amefika hospitali ya Lindi na ataondoka Ijumaa. Baada ya hapo hakuna aliyejua atakuja mwingine lini. Mwenyekiti akatoa gari na petroli. Hakuuliza kuhusu pampu. Alinishika mkono tu akasema, "Mfikishe." Tuliondoka Alhamisi, jua likichomoza.

Mama mkwe alitaka kupanda nyuma, juu ya mkeka, kuliko kukaa chumba kimoja na mimi. Mke wangu alikataa kwa sababu ya vumbi na lile jicho. Tukakaa watatu mbele, mke katikati, na mama dirishani, khanga ameishusha upande wangu kama pazia. Gari lilianza kulia kabla hatujatoka kijijini. Mtani wangu alikuwa barabarani, kofia kifuani, lakini alipomwona mama ndani aliirudisha kichwani akainama.

Watu watatu, na mlio ule katikati yetu, ukipanda kila nilipokanyaga. Nilitamani angalau mmoja aseme unachosha, nipate la kujibu.

Kwenye mlima wa Mchinga gari liliacha kuvuta. Injini ilipiga kelele kwa nguvu zake zote lakini magurudumu yalikuwa yakisita, kisha yakasimama, na tukaanza kurudi nyuma polepole. Nilikanyaga breki, nikaliacha lirudi taratibu mpaka mahali tambarare, nikavuta breki ya mkono. Mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo kwa mazoea ya kijiji, nikauzuia. Staata ya gari lile ikishapata joto la mwendo mrefu ilikuwa haiamki mpaka ipoe, na gari lisilo na klachi haliwashwi kwa kusukumwa. Nikizima pale, huenda tusingemwona daktari.

Wakashuka. Mama alikwenda kusimama kwenye kivuli cha mkorosho akatupa mgongo. Nilifungua boneti huku injini inanguruma, jambo ambalo kijijini ningelionea aibu, nikachomoa kijiti ili nione kama oili imeungua. Kilitoka kikavu. Nikakipangusa kwa shati, shati jeupe nililovaa kwa ajili ya mjini, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kikavu mpaka nchani.

Nilisimama nacho mkononi. Alfajiri ileile kilikuwa kimeonyesha tele. Chini ya gari hapakuwa na kitu kilichomwagika njiani. Kilichobadilika kati ya alfajiri na sasa kilikuwa kimoja tu: injini ilikuwa ikizunguka. Ikizunguka, pampu huinyonya oili na kuipandisha juu. Ikizimwa, oili yote hushuka katika karai la chini, na hata ikiwa haba itakilowesha kijiti. Miezi yote ile nilikuwa nikiliuliza gari swali likiwa limelala.

Yale makopo ya oili niliyatembeza pamoja na gari kila liendako, yamefungwa, hayajaguswa, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba oili ni tele. Nikatoboa moja, nikakunja jani la mgomba tulilofungia vyakula vyetu kuwa mrija, nikamimina kidogokidogo. Mlio ulipungua, ukawa mzito, kisha nikagundua kwamba ninasikia ndege.

Mrija wa jani uliteleza na oili ilinimwagikia, ikadondoka mchangani mbele ya viatu vyangu. Hapo nikasikia sauti nisiyoizoea.

"Mkwe."

Mama alikuwa ametoka kivulini. Alikuwa amesimama karibu kuliko alivyowahi kusimama, amefumba jicho bovu, lile jingine likiangalia chini. Hakunitazama mimi.

"Hiyo nyekundu," alisema, "inatoka kwenye gari?"

Nikajibu nikiangalia mchanga kama yeye. "Inatoka kwenye gari, mama. Ni oili yake."

"Kila alfajiri naifagia."

Mke wangu alimkaribia, akamuuliza jambo kwa Kimwera, lugha yao, na mama akamjibu sikioni, ushungi ukiwafunika wote wawili. Mke wangu akaketi chini palepale barabarani. Alicheka mpaka akaanza kulia, na alipoweza kusema alisema bila kunitazama.

"Mama alidhani unakojoa damu."

Kichocho kilikuwa kimejaa katika mabwawa yetu na kila mtu alijua dalili yake. Mama mkwe, kwa jicho lake moja na giza la alfajiri, alikuwa amekuta madoa mekundu mchangani, ubavuni mwa gari ambalo mkwe wake hukaa akihangaika nalo. Hakuweza kuniambia. Hakuweza kumwambia hata binti yake, kwa sababu jambo lile la mume si la mama kulitaja. Alichoweza kufanya ni kuyafagia kabla watu hawajaamka ili nisiaibike, na kuchemsha mzizi.

Sijui wenzangu wengine wameona aibu ya namna gani maishani. Mimi nilisimama pale, shati limetapakaa wekundu, gari likinguruma bila kulia, na sikuwa na pa kuweka uso. Yule mama alikuwa ameulinda mwili wangu kwa miezi, akidhani mimi ni mtu mzima ninayejikojolea uwanjani kwake kama mtoto, na bado akaniamini nimpeleke Lindi. Nami nilikuwa nimemnywea uji wake kwa kinyongo.

Tulipanda mlima bila taabu. Tuliingia hospitali kabla ya adhuhuri, wagonjwa wakiwa bado kwenye foleni, na jina lake likapangwa katika zamu ya kesho asubuhi, ya mwisho. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Mke wangu akatoka wodini na agizo: mama anasema, kwa kuwa tumeshafika hospitali, mkwe naye apime.

Nikamwambia wote wawili wameiona oili.

"Nimemwambia," alisema. "Anasema oili ameiona leo. Ya siku nyingine hakuiona ikitoka."

Kuondoa kimoja baada ya kingine ndiyo iliyokuwa njia yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la maabara katikati ya wanafunzi wenye kaptura, kila mmoja ameshika kichupa chake, nami nimeshika changu, shati langu likiwa na yale madoa. Kijana wa maabara aliniamkia shikamoo, akaniuliza nimeanza lini. Nikasema sijaanza. Akatabasamu kama mtu aliyezoea wanaume kusema hivyo. Majibu yalikuwa safi, nikayapeleka mpaka mlango wa wodi, na yakaingia ndani kwa mdomo wa mke wangu.

Jicho lilifanyiwa upasuaji, na baada ya bandeji kutolewa mama aliweza kuchagua mchele mwenyewe. Oili ilikuwa ikivuja kwenye mhimili mdogo ubavuni mwa giaboksi unaopokea mkono wa gia, mpira wake wa kuzuia oili umekauka. Nilichonga mwingine kwa mpira wa tairi, haukukaa vizuri, nikachonga tena. Kikaoni nilieleza makosa yangu ya kupima, nikaomba ruhusa ya kuacha injini izunguke wakati wa kupima. Ilitolewa, na mtani akaomba ijulikane kwamba marehemu amefufuka.

Tukarudia kunyamaziana, mama mkwe na mimi, kama inavyotakiwa. Lakini kila alfajiri, ufagio ulipofika karibu na gari, ulisimama kidogo, na mke wangu alipoingia ndani alikuwa na habari: mama anasema leo pakavu. Au: mama anasema kuna tone moja, ukubwa wa mbegu ya mbaazi. Kisha akaweka bakuli mbele yangu.

Uji ule haukukoma. Niliunywa nikiwa nimeuelekea uwanja.