Krem ya Buyenzi na Viti vya Kuazima

Walisema sitaweza. Wa kwanza kusema alikuwa mjomba wangu, amekaa kibarazani kwake mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, siku ya tatu tu tangu niteremke kwenye meli ya mizigo kutoka Kigoma. Nilikuwa na sanduku moja, mashine ya kukoroga aiskrimu kwa mkono, na diploma yangu ya usindikaji wa maziwa ndani ya bahasha ya plastiki isiyopenya maji.

"Diploma ya krem!" akasema, maana ndivyo tulivyoiita aiskrimu mtaani kwetu. "Watoto ya wenzangu wamesomea udaktari. We umesomea barafu."

Ukuta mmoja na nyumba yake kulikuwa na gereji. Mafundi waliweka nyundo chini ili wacheke vizuri. Mkubwa wao, mzee ambaye kitambaa cheusi cha oili hakikubanduka begani mwake, akaongeza lake.

"Musomi, umeme inakatika kila siku. Sukari tunaitafuta kama dawa. Kule kwenye milima risasi zinalia. Nani atakula krem?"

"Wewe utakula," nikamjibu.

"Mi? Apana!" Akaigonga kwa kiganja basi ndogo iliyokuwa mbele ya nyumba ya mjomba, injini yake imeshushwa chini, inangoja kipuri ambacho hakuna aliyejua kitafika lini. "Siku mi nitakula krem yako, hii gari itatembea bila mota."

Sikukasirika. Mji huu niliukimbia sina hata jozi ya pili ya viatu. Ng'ambo ya ziwa niliosha mitungi ya maziwa alfajiri, nikaingia darasani na mikono inanuka sabuni, na siku ya mahafali jina langu lilisomwa la pili kutoka juu. Kati ya wote tuliovuka pamoja, ni mimi peke yangu niliyerudi na cheti chenye muhuri. Mtu kama huyo hatishwi na vicheko vya gereji.

Mjomba, pamoja na maneno yake, alinipa chumba chake cha mbele, kile kinachotazama barabara. Lakini alikuwa na sharti.

"Mpaka Idi," alisema. "Muuza vipuri anakitaka hiki chumba, amenifuata mara tatu. Idi ikifika kiko kitupu, ufunguo nampa yeye. Kikijaa watu, ni chako, na mi nitakula krem mbele ya mtaa muzima."

Idi ilikuwa imebakiza miezi minne. Nikaanza kazi kesho yake.

Msomi hafungui duka bila kujua wenzake wanafanya nini. Niliamua kwanza kuonja krem zote nzuri za mji. Watu waliniambia ninapoteza viatu, kwamba vita vimefunga kila kitu kitamu. Si kweli! Ukiutafuta utamu Bujumbura, hata miaka ile, uliupata. Ulikuwa umejificha tu ndani ya nyumba za watu. Niliazima baiskeli, nikatia mfukoni kipimajoto changu cha chuo na daftari, nikaondoka kama mtu anayekwenda kuposa.

Mtaa wa Kinindo niliambiwa kuna mjane anayetengeneza krem ya marakuja, yale matunda ya pasheni, kwenye baraza ya villa yake. Nilimkuta. Chini ya miti ya lango lake yalikuwa yameegeshwa magari matano, madirisha wazi, na mama mwenyewe anapeleka bakuli kwenye kila gari. Kijiko cha kwanza kilinifumba macho. Ule uchachu wa marakuja ulikuja mbele, sukari ikafuata nyuma kwa adabu, kisha baridi ikapanda mpaka kwenye paji la uso. Nilipochomeka kipimajoto kwenye bakuli langu, mjane alishika kiuno.

"Mesye, bwana wangu, krem yangu ina malaria?"

"Hapana mama. Ina afya kuliko mimi."

Ya pili niliipata Buyenzi kwetu, mitaa miwili tu kutoka kwa mjomba. Mfanyabiashara mmoja, mzee wa ukoo wa Kiomani, aliuza mchele na vitambaa mbele, lakini uani kwake alikuwa na friza ya zamani, na ndani yake maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yametiwa iliki, yakagandishwa kwenye vikombe vya kahawa. Nilitaka kuonja palepale mlangoni. Akanishika mkono.

"Bismillahi kwanza, mwanangu. Na ukae." Akanionyesha mkeka.

Nilichuchumaa kidogo ili kumridhisha, nikapima baridi, nikaandika. Iliki ile bado naikumbuka.

Ya tatu ilikuwa Musaga, na hiyo nilihangaikia. Mara mbili askari walinirudisha kwenye kizuizi kwa sababu ya milio ya milimani. Mara ya tatu nilipita. Mama mmoja muuza maziwa alikuwa na chumba kidogo chenye benchi refu ukutani, na siku ambazo umeme ulikuwepo aligandisha maziwa ya mgando na asali ndani ya vikombe vya bati. Nasema bila kuogopa mtu: ile ndiyo iliyokuwa krem bora ya mji wote. Laini, nzito, bila hata chembe moja ya barafu ulimini. Nilisisimka mpaka nikatoka nje na kikombe ili niione rangi yake juani.

"We mwana!" akaniita mama. "Rudi ndani ukae!"

Nilidhani anaogopea kikombe chake.

Niliporudi nyumbani daftari langu lilikuwa limejaa: mafuta, utamu, ukubwa wa chembe, muda wa kuyeyuka. Nilijua sasa kila siri ya krem ya Bujumbura. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikafungua. Kaunta niliipaka rangi ya waridi. Mbele yake niliacha sakafu tupu, kama maduka niliyoyaona nilikosoma, ambako mtu hununua koni yake na kuondoka huku akila. Koni nilizichoma mwenyewe kwenye kikaango nilichokuja nacho. Umeme haukunisumbua, kwa kuwa mashine yangu ilizungushwa kwa mkono: pipa la mbao, barafu ya wauza samaki wa ufukweni, chumvi ya mawe ya Uvinza, na msuli wa mwenye diploma. Krem yangu ya kwanza, marakuja na maziwa, ilishinda ya Kinindo. Nilipima, nikaonja, nikaonja tena.

Siku ya kwanza walikuja wengi. Walinunua, wakaishika koni mbali na nguo kama mtu aliyeshika kifaranga, wakaangalia kulia na kushoto, kisha wakaenda zao mbio nyumbani. Mwalimu wa jirani aliificha yake chini ya kofia. Mwanamke mmoja aliifunika kwa ncha ya kitenge. Wote waliacha matone njia nzima. Wiki ya pili walikuja wachache. Wiki ya tano alikuja nzi.

"Musomi," akaita mzee wa gereji, "krem yako inakimbia kuliko meli ya Kigoma!"

Nikaongeza baridi. Nikapunguza sukari. Nikabadilisha marakuja nikatia nanasi, kisha iliki. Niliwauliza watu wote, pamoja na mafundi: ni tamu sana? Si tamu vya kutosha? Wote walisema krem ni nzuri kabisa, na hakuna aliyerudi. Ramadhani ikaingia. Kila magharibi, baada ya kufuturu, barabara yetu ilijaa watu waliokaa kwenye mikeka na uji wao na sambusa zao, wakifaidi yale masaa machache kabla ya kuvrefe, amri ya kutotembea usiku. Dukani kwangu palikuwa kimya. Muuza vipuri alipita kupima mlango kwa kamba, ajue kama rafu zake zitaingia.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili alipotokea yule mama wa Musaga. Friza yake ilikuwa imeharibika, akaileta mota yake gerejini kwetu. Aliponiona nazungusha mashine alifurahi, nami nikamkimbilia na koni nzuri kuliko zote. Yeye ni Mkristo, hakuwa na saumu. Aliipokea kwa mikono miwili, akatazama pande zote za chumba.

"Nikae wapi?"

"Hapa watu wanakula wamesimama, mama. Ndiyo mtindo wa kisasa."

"Maziwa? Wamesimama?" Akanirudishia koni haijaguswa. "Mwanangu, ngombe ametoa maziwa, we unayanywa wima kama mutu anakimbia polisi? Tena mutu mukubwa, anatembea kwa barabara analamba! Akikutana na mukwe wake?"

Mzee wa gereji alikuwa mlangoni na mota ya friza mikononi. "Hata sisi Waislamu, mama," akasema. "Kunywa wima si sunna. Mi nilifikiri musomi anajua."

"Mbona hukuniambia?" nikamgeukia.

"Uliniuliza sukari. Nilikujibu sukari."

Niliiweka koni kwenye kaunta. Magari ya Kinindo yakanirudia akilini, kila mtu kwenye siti yake. Mkeka wa yule mzee Mwomani. Benchi la Musaga. Sehemu zote tatu watu walikuwa wamekaa, na mimi nilikuwa napima baridi! Kibaya zaidi, nililijua jambo hili kabla ya kujua kusoma. Mama yangu alikuwa akinichapa miguu kila akinikuta nakunywa maziwa nimesimama. Miaka ya ng'ambo ilinifundisha mengi, na hili ilikuwa imeniondolea bila mimi kuhisi.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na aibu siku mbili. Jioni hiyohiyo nilianza kutafuta viti.

Mama wa Musaga alisema benchi lake halina kazi mpaka friza ipone. Kesho yake tulilifunga juu ya teksi. Mzee Mwomani alinipa mikeka miwili na vigoda viwili, na neno juu: "Ningekukalisha siku ile, ungejifunza." Mjane wa Kinindo alitoa viti vinne vya fito vya barazani kwake, na dereva wake akavileta, ananiuliza njia nzima kama krem ina malaria. Bado nafasi ilikuwepo. Mzee wa gereji alinitazama, akapiga ulimi, akaingia ndani ya ile basi ndogo isiyo na injini. Akatoka na vijana wake wamebeba siti ya nyuma nzima, ile ya watu wanne, wakaiweka juu ya matofali chini ya dirisha langu.

"Mwenye gari akiuliza?" nikasema.

"Gari haina mota, siti ya nini?"

Koni nikazitupa kabatini, nikanunua bakuli za udongo na vijiko. Jioni ya kwanza walikuja watano, wakakaa. Mmoja akaongeza bakuli la pili. Jioni ya tatu yule mwalimu alikuja na kofia kichwani, akakaa na mke wake kwenye viti vya Kinindo, wakala polepole kama watu waliopata likizo. Siku ya nane watu walikuwa wakingojea nafasi, wanasalimiana, wanaulizana habari za ndugu walio mitaa mingine. Milio ya milimani ikisikika, mtu aliinua kichwa, kisha kijiko kikarudi bakulini. Mikono yangu ilitoka malengelenge kwa kuzungusha. Sijawahi kufurahia malengelenge namna ile!

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, chumba kilijaa, kibaraza kikajaa, na watu bado wanakuja na nguo zao mpya. Ile basi ilikuwa imeziba mbele yote.

"Isukumeni!" nikapiga kelele.

Kanzu zikakunjwa, vitenge vikafungwa vizuri, na wateja wangu, wanaume kwa wanawake, wakaisukuma basi mpaka upande wa pili wa barabara. Nilimgeukia mzee wa gereji.

"Gari imetembea bila mota, mzee wangu."

Mtaa mzima ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. "Leta bakuli yangu," akasema, akakaa kwenye siti ya basi. Mjomba alikuja akakaa kando yake. Alikula mpaka mwisho, akakwangua chini, akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo bila hotuba. Muuza vipuri alikuwepo pia. Aliomba ya nanasi.

Miezi michache baadaye fundi seremala alinimalizia mabenchi sita ya mbao na viti kumi, mali yangu halali. Siku hiyo niliamua kurudisha vyote vya watu, na hakuna kilichorudi peke yake. Mikeka na vigoda vilirudi na bakuli la iliki. Mzee Mwomani alionja, akasema nimemwibia siri yake na nimeitunza vizuri. Viti vya Kinindo vilirudi na marakuja. Siti ya basi niliipeleka mwenyewe kwa mzee wa gereji, kwa sababu injini ilikuwa imerudi mahali pake na gari inaanza kazi siku hiyohiyo, njia ya Musaga.

Tukafunga benchi la mama juu ya gari, nami nikakaa nyuma, kwenye siti ileile, kopo la krem kwenye barafu kati ya miguu yangu. Wapita njia Buyenzi walinipungia mkono. Niliwapungia kama rais.

Musaga, tuliliweka benchi mahali pake ukutani, palepale penye alama ya migongo ya watu. Nikatoa krem yangu ya maziwa ya mgando na asali, nikabaki nimesimama mbele ya mama, nangoja aseme kama nimemshinda.

Hakushika kijiko. Alijaza maziwa kwenye kikombe cha bati, akanipa, akanielekeza benchi kwa kidevu.

Nikakaa. Ndipo akaonja.