Kona ya Nyumba ya Ernesta

"Ukuta haukuanguka. Ameuangusha yeye," Gaudence alisema, akimnyooshea mwalimu wake kidole. "Nyamiaga yote nimejenga mimi, na sijaona mwenye nyumba anayesukuma ukuta kwa bega kama ng'ombe anayejikuna."

Mkuu wa mafunzo aliyatazama matofali yaliyolala chini, kisha akamtazama Agness, mwalimu mwenyewe, binti ambaye Gaudence angeweza kumzaa na wadogo zake juu.

"Ni kweli umeusukuma?"

"Nimeusukuma," Agness akajibu. "Na za wenzake nimezisukuma vilevile. Zimesimama."

Mafundi wengine wakaangalia viatu vyao. Wiston, aliyetoka Nemba, akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Tuseme ukweli: Gaudence hakwenda pale chuoni kujifunza. Alikwenda kuchukua cheti. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mafundi waliojifunzia kazi mitaani watalipiwa ada na chakula, wanolewe, wapimwe, kisha wapewe vyeti, na bila cheti kazi za kujenga madarasa alikuwa akizisikia kwa jirani tu. Basi akaja na mwiko wake uliolika, akakaa nyuma, na kila Agness alipofungua mdomo yeye alitabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto akikariri sala.

Sifa yake ilikuwa ncha za kuta. Kwao watu hawajengi nyumba kwa mkupuo. Mtu anachoma tanuri la matofali, anajenga ukuta mmoja, anasubiri kahawa iuzwe, anachoma tanuri jingine, anaendelea. Wakati wa kusubiri, mafundi wengine huacha mwisho wa ukuta una mapengo, tofali hili limetokeza, lile limeingia ndani. Gaudence aliuita uchafu huo. Yeye alikata matofali, akanyoosha, ncha ikawa laini kama imepitishwa kisu, na wapita njia walisimama kusifu. Tanuri la pili likishatoka, aliusimamisha ukuta mpya ukigusana na ule wa zamani, akaziba katikati kwa udongo. Kazi imekwisha, piga picha.

"Baba," Agness akasema, sasa kwa upole, "yale mapengo si uchafu. Ni meno ya kuung'ata ukuta wa pili. Wewe umeyang'oa. Kuta zako zimesogeleana tu, hazikushikana."

Gaudence akaitazama ile ncha laini. Ikamjia kona ya nyumba ya Ernesta.

Ernesta ni mjane wa pale Nyamiaga aliyekuwa akiishi kwa kufyatua na kuchoma matofali ya kuuza. Nyumba yake mwenyewe alijengewa na Gaudence, ukuta baada ya ukuta, naye akamwahidi mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, siku itakapokamilika, maana ndivyo fundi anavyoagwa. Kabla siku hiyo haijafika mvua zikanyesha, na kona ikaachana hata mkono ukapita. Alipomuuliza, Gaudence akamjibu mbele ya watu waliokuwa wakitoka misa: "Mama, matofali yako mabichi. Ulibania kuni."

Watu wakamwamini fundi. Waliotaka matofali wakaenda kwingine, na majani yakaota mahali pa tanuri la Ernesta. Gaudence naye hakukoma. Kila alipokutana naye sokoni alimtania kwa sauti, "Mama, ile rubisi yangu itaiva lini?" Watu wakacheka. Ernesta akapita.

Pale chuoni masikio yakamwaka moto. Akainama, akaokota tofali lake.

"Nionyeshe tena," akamwambia yule binti.

Cheti alikipata. Mkewe, Secilia, akakitundika karibu na picha ya Bikira Maria, na kila alipokuja mtu kukiona, Gaudence alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya nyumba.

"Sasa watakuita kwenye madarasa," Secilia akasema.

"Kwanza nina kona ya kubomoa."

"Ya Ernesta? Nenda jioni basi, watu wasikuone."

Akaenda asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata rubisi?"

"Nimefuata kona."

Ernesta akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuazima kitu asichorudisha, lakini hakumzuia. Gaudence akaanza kushusha matofali. Akayagonga, moja kwa jingine, yakalia kama kengele. Yalikuwa yameiva tangu siku ile, na mkono wake ulijua tangu siku ile.

Bernardo, jirani aliyekuwa akijiandaa kujenga jiko, akasimama njiani. "Fundi, matofali mabichi yamekushinda?"

Hapo angeweza kucheka tu, Bernardo akaenda zake. Ernesta alikuwa mlangoni, anasubiri.

"Matofali hayana kosa," Gaudence akasema, hakuinua uso. "Kona niliijenga vibaya mimi. Nilichosema siku ile baada ya misa ni uongo."

Bernardo akageuka kutazama kwake. "Na nyumba yangu ulijenga wewe."

"Na yako. Nitakuja kuiangalia."

Bernardo akaondoka bila kuaga. Gaudence alijua kabla jua halijazama kijiji chote kitakuwa kimesikia, na kwamba watakaouliza bei ya tofali kwa Ernesta ndio haohao watakaokwenda kugusa kona za nyumba zao. Akaendelea kupanga, tofali hili nje, lile ndani, mpaka kuta mbili zikashikana.

Alipomaliza akanawa, akakusanya vifaa vyake haraka.

"Ile rubisi, mama, isahau. Huna deni langu."

Ernesta akaingia ndani. Akatoka na mtungi, akauweka mbele yake.

"Nilisema siku nyumba ikikamilika. Imekamilika leo. Kaa."

Akakaa. Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa macho yakiwa chini. Ilikuwa tamu, lakini akautua mtungi kabla haujaisha.

"Imalize yote," Ernesta akasema. "Sitaki kukutana nawe sokoni uniambie bado nadaiwa."